KUTAFUTA MADINI SI KUYAPATA
Maneno ya hotuba juu ya kazi ya kampuni ndogo za madini, na mfano wa mchanga wa Kwale



Neno "madini" lina nguvu ya ajabu masikioni mwa watu. Likitajwa barazani, wazee huinua vichwa, vijana husogea mbele, na kabla ya jua kutua uvumi huwa umekwisha kuvuka mito mitatu. Lakini si wengi wanaolisema neno hilo ambao wajua tofauti iliyopo kati ya kutafuta madini na kuyapata, wala kati ya kuyapata na kuyachimba kwa faida. Asiye na maarifa hayo aweza kuuza shamba lake kwa haraka, au kukopa fedha kwa kutegemea kazi ambayo haitakuja, au kuwafukuza wapimaji kwa hofu tu. Hasara yote hiyo chanzo chake ni kimoja, nacho ni kutojua.

Basi makusudi ya maneno haya ni kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na wapi matumaini yake hukomea. Mfano utakaofuatwa ni wa kweli, nao ni wa hapa hapa Kenya: mchanga wa Kwale, ambao ulitafutwa, ukapimwa, ukachimbwa na kampuni ndogo, hata machimbo yakafungwa mwezi wa Desemba 2024.

MADINI YALIYOMO KATIKA MCHANGA

Kusini ya Mombasa, mwendo wa kilometa 50 hivi, na kilometa 10 tu kutoka bahari, pana vilima vya mchanga mwekundu. Wataalamu wa miamba huuita mchanga huo kwa jina la Magarini. Zamani za kale mawe ya bara yaliliwa na mvua na jua, yakavunjika-vunjika, mito ikauchukua mchanga wake hata pwani, kisha upepo ukaukusanya vilimani. Katika mchanga huo zimo chembe nyeusi na nyekundu zilizo nzito kuliko mchanga wa kawaida. Mama anayepepeta mchele ajua jambo hili vizuri: kilicho chepesi huruka, na kilicho kizito hubaki ndani ya ungo.

Chembe hizo nzito ni za namna tatu zenye thamani. Ya kwanza huitwa ilmenaiti, ya pili rutaili, na ya tatu zirkoni. Mbili za kwanza hutoa unga mweupe ambao hutiwa katika rangi za nyumba, karatasi na plastiki. Kadhalika hutoa titani, chuma chepesi na kigumu kinachofaa kwa kuundia ndege. Zirkoni hutumika sana kutengenezea vigae vya sakafu na vyombo vya udongo. Wala asidhani mtu kwamba titani huokotwa mchangani kama shilingi iliyoanguka. Katika tani nzima ya mchanga wa Kwale, chembe nzito ni sehemu chache tu katika mia. Zilizosalia ni mchanga mtupu na udongo.

KAMPUNI NDOGO NI NINI

Katika kazi ya madini, kampuni ndogo si ndogo kama duka la kijijini. Ni kampuni ambayo maisha yake yote yategemea machimbo ya mahali pamoja, au pengine haina machimbo kabisa, ila leseni za kutafuta na ramani. Kampuni kubwa za dunia zina machimbo katika nchi nyingi, na moja likiharibika mengine huilisha kampuni. Kampuni ndogo haina ghala la namna hiyo. Fedha zake hutoka kwa wenye hisa, yaani watu wengi walionunua mafungu madogo madogo ya kampuni katika soko la hisa, wakitumaini kupata faida baadaye. Wakati wa kutafuta, hakuna mapato hata senti moja. Ni kutoa tu. Kwa hiyo kampuni hiyo haina budi kuwapelekea wenye hisa habari njema mara kwa mara, ama sivyo watachoka na fedha zitakauka.

Jambo hili yafaa likumbukwe na kila mtu anayesoma gazetini kwamba kampuni fulani "imegundua utajiri mkubwa." Habari hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini mara nyingi imeandikwa kwanza kwa ajili ya wenye hisa walio ng'ambo, wala si kwa mkulima ambaye shamba lake limetobolewa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

HABARI ZA KWALE TANGU MWANZO

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ndogo ya Kanada iliyoitwa Tiomin ilianza kupeleleza mchanga wa Kwale. Iliyaona madini, ikayapima, ikaomba ruhusa ya kuyachimba. Lakini kazi haikuwa nyepesi. Mashamba yaliyo juu ya vilima hivyo yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na minazi, miembe, mikorosho na makaburi ya wazee wao. Mwaka 2001 baadhi yao walikwenda mbele ya Mahakama Kuu kule Mombasa, na mahakama ikatoa amri ya kusimamisha kazi, kwa kuwa matakwa ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yalikuwa hayajatimizwa. Serikali ilitoa hati ya kuchimba mwaka 2004. Baadaye mamia ya jamaa wa Maumba na Nguluku walihamishwa wakalipwa fidia. Hata hivyo miaka ikapita, na mtambo wa kuchimbia haukujengwa, kwani fedha za kujengea hazikupatikana.

Mwaka 2010 shughuli hiyo ikauzwa kwa kampuni nyingine ndogo, Base Resources ya Australia, kwa dola milioni 3 za Marekani. Yafaa hesabu hii itazamwe vizuri. Madini yale yale, vilima vile vile, hati ile ile ya serikali, na kazi ya miaka kama 15, vyote viliuzwa kwa dola milioni 3. Lakini kujenga machimbo, bwawa la maji katika mto Mukurumudzi, na gati ya kupakilia melini huko Likoni, kuligharimu zaidi ya dola milioni 300. Hapo ndipo yaonekanapo wazi kwamba madini yaliyolala ardhini si mali bado. Hugeuka kuwa mali siku fedha, maarifa, maji, umeme, barabara, soko na maelewano na wenyeji vinapokutana mahali pamoja.

Ujenzi ulianza mwaka 2011, kazi ya kuchimba ikaanza mwishoni mwa 2013, na meli ya kwanza ikaondoka na shehena mwezi wa Februari 2014. Tangu kuanza kupeleleza hata kupakia meli ya kwanza, mtoto aliyezaliwa wakati wapimaji wa kwanza walipofika alikwisha kuwa kijana mwenye ndevu.

JINSI WAPIMAJI WAFANYAVYO KAZI

Watu wengi wameona mtambo wa keekee shambani na kujiuliza unatafuta nini. Kazi yenyewe ina hatua zake, na kila hatua ina gharama kuliko iliyotangulia.

Kwanza, wataalamu husoma ramani za zamani na maandishi ya serikali juu ya miamba ya nchi. Hatua hii hufanywa mezani, wala hakuna shamba linaloguswa. Pili, hutembea kwa miguu, wakichukua mchanga kidogo huku na huku. Tatu, huomba leseni ya kutafuta, ambayo hutolewa kwa eneo lililotajwa na kwa muda uliowekwa na sheria. Nne, huleta keekee na kutoboa mashimo kwa mistari, kama mkulima apandavyo mahindi. Kwanza mistari huwa mbali-mbali. Panapoonekana dalili njema, mashimo huongezwa katikati.

Mchanga unaotoka katika kila shimo hutiwa katika mifuko yenye namba, meta kwa meta. Hupelekwa maabara, hukaushwa, udongo laini huoshwa, kisha mchanga hutiwa katika maji mazito ya dawa, ambamo mchanga wa kawaida huelea na chembe nzito huzama. Zilizozama hupimwa kwa mizani. Hivyo hupatikana hesabu ya kila shimo: sehemu ngapi katika mia ni madini.

Hesabu hizo zikusanywapo, hupewa majina kwa kufuata kanuni, na kampuni za Australia hufuata kanuni iitwayo JORC. Mashimo yakiwa machache, madini huitwa ya kukisiwa. Yakiongezeka, huitwa ya kuonyeshwa. Yakiwa mengi na ya karibu-karibu, huitwa yaliyopimwa. Lakini hata hayo yaliyopimwa si "akiba" bado. Akiba ni fungu lile tu ambalo, baada ya kuhesabu mishahara, mafuta, maji, kodi, fidia na bei ya soko, limeonekana kwamba laweza kuchimbwa kwa faida. Mtu aweza kuwa na samaki wengi baharini, lakini chakula cha jioni ni wale walio ndani ya ngalawa.

Kwa hiyo msomaji akisikia kwamba mahali fulani pana madini ya thamani ya mabilioni ya shilingi, na aulize: Ni ya kukisiwa, au yamepimwa? Na je, gharama ya kuyatoa imeondolewa katika hesabu hiyo? Maswali hayo mawili hupunguza mabilioni mengi.

MATUMAINI YALIYOFIFIA

Machimbo ya Kwale yalianza katika Kilima cha Kati, ambacho mchanga wake ulikuwa na madini mengi zaidi. Mwaka 2019 kilima hicho kilikwisha, na mitambo ikahamia Kilima cha Kusini, ambacho kila tani yake ilikuwa na madini machache kuliko ya kwanza. Tangu siku hiyo kila mtu katika kampuni alijua kwamba saa inahesabu. Machimbo ni kama ghala lisilojazwa tena: kila siku ya kazi ni siku moja iliyotolewa katika maisha yake.

Njia ya pekee ya kurefusha maisha hayo ilikuwa kutafuta zaidi. Basi keekee zikatoboa katika Kilima cha Kaskazini. Madini yalionekana, lakini yalikuwa haba, hata sehemu ndogo tu, upande wa Bumamani, ndizo zilizofaa kuchimbwa. Hizo zilirefusha kazi kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo, hata mwisho wa 2024. Kadhalika kampuni ilielekeza macho yake Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, na Kuranze katika nchi kavu ya magharibi. Lakini mwaka 2019 Serikali ilikuwa imesimamisha utoaji wa leseni mpya za madini, na amri hiyo ilidumu miaka kadhaa. Wakati machimbo yahesabu miezi, leseni ikichelewa mwaka mmoja ni sawa na mvua iliyonyesha baada ya mahindi kukauka.

Tumaini kubwa la mwisho lilikuwa upande wa mashariki ya machimbo. Huko baadhi ya wenye mashamba hawakukubali mitambo iingie, na kazi ikasimama kwa muda. Wengine watawalaumu, lakini yafaa watu hao wafahamike. Walikuwa wamewaona jirani zao wakihamishwa, na mwenye shamba dogo hana shamba jingine la kujaribia. Baada ya mazungumzo keekee ziliingia. Zikatoboa. Mwaka 2023 hesabu zikakamilika, na jibu likawa kwamba madini yaliyoko huko hayatoshi kulipa gharama ya kuyachimba. Mwaka huo huo kampuni ikatangaza kwamba kazi itakoma Desemba 2024, na ndivyo ilivyokuwa.

Zaidi ya watu elfu moja walikuwa na kazi katika machimbo hayo, na nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na karo za shule, mama mzee, na deni la dukani. Si kwa uvivu wao kazi ilikwisha, wala si kwa ubaya wa mtu. Ni kwa sababu mchanga ulikwisha. Heri kampuni iliyotangaza mapema kuliko ile inayofunga lango asubuhi moja bila ya neno. Mwaka mmoja wa kujitayarisha ni mwaka wa thamani kwa mtu atakayejifunza ufundi mwingine.

Na kampuni yenyewe? Mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kununua mahali pengine, Toliara, kusini-magharibi ya Madagaska, penye mchanga wa namna hiyo hiyo. Huko nako Serikali ya nchi hiyo ilisimamisha kazi mwezi wa Novemba 2019, na haikuifungua tena hata Novemba 2024. Mwezi mmoja kabla ya ruhusa hiyo, yaani Oktoba 2024, kampuni nzima ilikuwa imekwisha kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya kampuni ndogo: ikifaulu humezwa na kubwa kuliko yake, na ikishindwa husahauliwa.

SHERIA YASEMAJE

Jambo la ardhi na madini si geni katika nchi hii. Dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, watafutaji walimiminika kwa mamia. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikitolewa katika sehemu za Waafrika, ardhi nyingine itatolewa badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa kwa haraka, ili ardhi ya machimbo itolewe pasipo badala. Jambo hilo liliacha donge kifuani mwa watu, na machimbo makubwa ya Rosterman yalipofungwa mwaka 1952, donge lilikuwa lingali pale.

Sheria ya leo ni nyingine. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba madini ni mali ya umma, yakishikwa na Serikali ya Taifa kwa ajili ya watu wote. Kwa hiyo mwenye shamba si mwenye madini yaliyo chini yake. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema pia kwamba haki ya kutafuta au kuchimba haitolewi juu ya shamba la mtu binafsi pasipo idhini ya mwenye shamba, na ardhi ya jamii vile vile ina utaratibu wake wa idhini. Tena sheria hiyo yagawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa ajili ya madini iliyochimba: sehemu 70 katika mia kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa Kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali penye machimbo. Hata hivyo fungu lililoandikwa katika sheria halijiletei lenyewe kijijini. Lataka kamati iliyochaguliwa vizuri, vitabu vya hesabu vilivyo wazi, na watu wasiochoka kuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASHAURI KWA MWENYE SHAMBA

Kwanza, mpimaji akija, aulizwe leseni yake kwa upole, na namba yake iandikwe. Mpimaji wa haki hachukizwi na swali hilo.

Pili, kuruhusu shimo la keekee si kuuza shamba. Mtu asitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi asiyoifahamu. Na amtafute mtoto aliyesoma, au mwalimu, au wakili, aisome mbele ya mashahidi.

Tatu, mihogo iliyokanyagwa na mnazi ulioangushwa vina bei yake. Mapatano na yaandikwe kabla ya mtambo kuingia, pamoja na ahadi ya kuziba mashimo, ili ng'ombe wala mtoto asitumbukie.

Nne, mnunuzi wa haraka na aogopwe. Ajaye usiku kununua shamba lililopimwa asubuhi ajua jambo ambalo mwenye shamba halijui, au adhani anajua.

Tano, mtu asiache kulima. Mashimo mengi ya keekee hayazai machimbo, na machimbo yote, hata yaliyo bora, yana siku ya mwisho. Mishahara ya Kwale ilidumu miaka kumi na moja hivi. Aliyeitumia kusomesha watoto, kujenga nyumba ya mawe na kupanda minazi mipya, bado ana kitu mkononi. Aliyeitumia kana kwamba mchanga hauna mwisho, huyo amebaki na hadithi.

NENO LA MWISHO

Haitakuwa haki kusema kwamba kampuni ndogo za kutafuta madini ni za wadanganyifu, wala haitakuwa haki kusema kwamba ni waokozi. Ni wafanyi biashara wanaojaribu bahati kwa fedha za wengine, na bila wao madini mengi yangelala tu yasijulikane. Wana haki ya kujibiwa kwa adabu, na wenyeji wana haki ya kuambiwa kweli: ni mashimo mangapi, yameonyesha nini, kazi itadumu miaka mingapi, na ardhi itarudishwaje siku lango litakapofungwa.

Mtu aulizaye mambo hayo tangu siku ya kwanza hazuii maendeleo. Huyo ndiye atakayekuwa amebaki na shamba lake, akili yake na amani na jirani zake, madini yakipatikana au yasipopatikana.